Chapa na Chombo: Habari za Kamera Zenye Kipima-Umbali

Neno nakala lina maana mbili katika lugha yetu, na maana hizo hazipatani. Kwa msomi wa miswada, nakala ni kitu cha heshima. Tenzi nyingi za kale za pwani twazisoma leo kwa sababu mtu fulani aliketi kitako akazinakili, akizitoa katika nakala ya mwenziwe aliyemtangulia, na mkono wa mtunzi mwenyewe hauonekani tena. Mashairi ya Muyaka bin Haji yasingalitufikia kwa wingi wake lau Mwalimu Sikujua wa Mombasa asingaliyakusanya na kuyaandika katika karne ya 19. Sokoni, kinyume chake, nakala ni kitu duni kinachojificha nyuma ya jina la kitu bora, na mwenye kuiuza huapa kwamba si nakala.

Katika insha hii nataka kueleza habari za chombo kimoja ambacho historia yake yote imo baina ya maana hizo mbili. Chombo chenyewe ni kamera ndogo ya filamu yenye kipima-umbali, ile ambayo wapiga picha wa magazeti waliining'iniza shingoni toka miaka ya 1930 mpaka miaka ya 1960, na ambayo sasa hukusanywa na watu wa nchi nyingi kwa mapenzi makubwa na, mara nyingine, kwa fedha nyingi kupita kiasi. Mimi ni mmoja wa wakusanyaji hao, wa daraja la chini, na kamera zangu zote pamoja hazifiki bei ya pikipiki. Lakini kazi yangu ya kila siku ni kusoma maandishi ya zamani na kuuliza yameandikwa na nani, lini, na kwa sababu gani. Nami nimeona kwamba maswali hayo hayo yafaa kuulizwa juu ya kamera.

Kwanza tujue chombo kinavyofanya kazi, kwa kuwa hukumu zitakazofuata zategemea jambo hilo. Mwanadamu hupima umbali kwa macho mawili: jicho la kulia na jicho la kushoto hukiona kitu kimoja kutoka mahali pawili, na akili huitambua tofauti. Kipima-umbali hufanya vivyo hivyo. Usoni pa kamera mna vidirisha viwili vilivyoachana kwa sentimita chache. Taswira inayoingia katika kidirisha kimoja huakisiwa na kioo kidogo hata ikalala juu ya taswira ya kidirisha cha pili, na mpiga picha huziona zote mbili kwa pamoja: mtu mmoja huonekana wawili, kama aonavyo mwenye kizunguzungu. Lenzi ikizungushwa, kioo nacho hugeuka, na taswira hizo hukaribiana; zinapokutana zikawa moja, lenzi imekwisha kulingana na umbali wa mtu yule. Kadiri vidirisha vinavyoachana ndivyo kipimo kinavyozidi kuwa sahihi. Wapiga mizinga wa manowari walikuwa na vyombo vya namna hiyo vyenye urefu wa mita kadhaa kabla hajatokea mtu wa kukitia kimoja katika kamera itoshayo mfukoni.

Mpiga picha, basi, hatazami kupitia lenzi. Hutazama kupitia kidirisha kilicho pembeni yake. Kwa sababu hiyo kamera haina kioo cha kuruka wakati wa kupiga, mlio wake ni mdogo, na jicho haliingii giza katika nukta ile ile ya kupiga. Mtu huona pia kilicho nje ya mipaka ya picha, akamngoja mpita njia aingie. Kwa sababu hiyo hiyo, aliyesahau kifuniko juu ya lenzi aweza kumaliza filamu nzima, na kidirisha kisimwambie lolote. Kidirisha kiko kando ya lenzi, na tofauti hiyo ndogo ya mahali hupotosha mipaka ya picha za karibu sana. Wala kamera hizi hazifai kwa lenzi ndefu za kuvuta mbali. Kila chombo na mpaka wake.

Aliyeanzisha mambo haya ni Oskar Barnack, fundi wa kiwanda cha hadubini cha Ernst Leitz katika mji wa Wetzlar, Ujerumani. Barnack, aliyezaliwa mwaka 1879, alipenda kupiga picha matembezini, lakini alikuwa na ugonjwa wa pumu, na kamera za siku zile pamoja na sahani zake za kioo zilikuwa mzigo wa punda. Katika miaka ya 1913 na 1914 alitengeneza kamera ndogo ya chuma iliyotumia filamu ya sinema, yenye upana wa milimita 35. Fremu ya sinema ilikuwa milimita 18 kwa 24. Barnack aliilaza filamu na kuifanya fremu maradufu, ikawa 24 kwa 36, na kipimo hicho kingali kikitumika katika kamera za elektroniki za leo. Vita Kuu ya Kwanza ikachelewesha mambo. Mwaka 1924 Ernst Leitz wa pili, mwenye kiwanda, aliamua kuiweka fedha yake hatarini, na mwaka 1925 kamera ikaonyeshwa kwa watu katika maonyesho ya biashara ya Leipzig kwa jina la Leica.

Leica hiyo ya kwanza haikuwa na kipima-umbali ndani yake. Mtu alikadiria umbali kwa jicho, au alipachika kipimo juu ya kamera, akasoma tarakimu na kuihamishia kwenye lenzi kwa mkono. Mwaka wa chombo chetu hasa ni 1932. Mwaka huo Leitz walitoa Leica II, ambayo kipima-umbali chake kimeunganishwa na lenzi, na mwaka huo huo kampuni ya Zeiss Ikon ya Dresden ikatoa mshindani wake, Contax. Pazia la Leica lilikuwa la kitambaa, likipita kwa upande. La Contax lilikuwa la vipande vya chuma, likishuka toka juu. Vidirisha vya Contax viliachana zaidi ya maradufu ya vile vya Leica. Mwaka 1936 Contax II iliunganisha kidirisha cha kutazamia na kidirisha cha kupimia kuwa kimoja, jambo ambalo Leitz hawakulifanya mpaka mwaka 1954. Ukiniuliza, nitasema kwamba kwa hesabu ya uhandisi Contax II ndiyo iliyokuwa kamera bora ya miaka ile, na kwa hesabu ya mkono na kidole ilikuwa Leica. Robert Capa alishuka ufuoni Normandy tarehe 6 Juni 1944 akiwa na Contax II mbili. Huyo alikuwa na haja zake.

Mwaka 1932 una mnunuzi mmoja mashuhuri. Kijana Mfaransa, Henri Cartier-Bresson, aliyezaliwa mwaka 1908 na kusomea uchoraji, alikuwa amerudi kutoka Côte d'Ivoire, ambako homa kali ilikaribia kumwua. Alipata kuiona picha iliyopigwa na Martin Munkácsi, mwana wa Hungaria aliyefanya kazi katika magazeti ya Berlin: wavulana watatu weusi, uchi, migongo kwetu, wakikimbilia majini, na povu la mawimbi likiwapokea. Cartier-Bresson alisema mara nyingi katika maisha yake kwamba picha hiyo ndiyo iliyomwamsha. Akanunua Leica, akaufunika ung'avu wa chuma chake kwa utepe mweusi ili asitambulikane, na mwaka 1947 akawa mmoja wa waanzilishi wa ushirika wa wapiga picha uitwao Magnum.

Kwetu sisi picha ile ina habari ya pili. Kwa miongo mingi ilichapishwa ikiwa na anwani isemayo kwamba wavulana hao wako Ziwa Tanganyika, na kwa jina hilo ikaingia katika vitabu na makumbusho. Mswahili aliyesoma anwani hiyo alikuwa na haki ya kujisikia fahari kidogo: basi wana wa Kigoma au Ujiji ndio waliomtia Mfaransa yule katika kazi yake! Walakini waliofuatilia safari za Munkácsi wameona kwamba gazeti la Berliner Illustrirte Zeitung lilimtuma Liberia, na katika vitabu na maonyesho ya karibuni picha hiyo huandikwa Liberia, mnamo 1930 au 1931. Bahari ya Atlantiki, basi, wala si ziwa letu. Wavulana hawakuulizwa majina, na mtu asiyeuliza jina la mtu si ajabu akikosea jina la maji. Naitaja habari hii si kwa ajili ya kulia juu ya fahari iliyopotea, bali kwa kuwa yaonyesha tangu mwanzo jambo tutakalolikuta tena katika kamera zenyewe: anwani huongezwa baadaye, na mkono mwingine, kwa haja nyingine.

Leica ilikuwa haijatimiza miaka kumi sokoni ilipoanza kunakiliwa, na nakala ya kwanza iliyotengenezwa kwa wingi ilitoka mahali ambapo mtu hangepatazamia. Katika mji wa Kharkov, Ukraine, palikuwa na makao ya watoto waliookotwa barabarani, yatima wa vita vya wenyewe kwa wenyewe na wa njaa. Makao hayo, yaliyofunguliwa mwaka 1927, yaliongozwa na mwalimu Anton Makarenko, naye aliamini kwamba kazi ya ufundi mgumu humrudishia mtoto heshima yake. Walianza na useremala. Wakaendelea na keekee za umeme. Na mwaka 1934 wakaanza kutoa kamera, nakala ya Leica II. Waliiita FED, yaani herufi za kwanza za Feliks Edmundovich Dzerzhinsky, mwanzilishi wa polisi ya siri ya Kisovyeti, ambaye makao yalikuwa yamepewa jina lake. Makarenko aliyatia maisha ya makao hayo katika riwaya zake. Mtu aweza kuyashuku mengi katika sifa alizowapa wanafunzi wake, na jina la mlezi wao halipendezi masikioni. Lakini kamera zenyewe zipo, maelfu kwa maelfu, na zinapiga picha.

Kuzinakili si kazi ya mjinga. Fundi wa Kharkov alipewa chombo kisicho na michoro wala vipimo, akakifungua, akapima kila kipande, akakisia chuma chake. Hata mduara wa hesi ya lenzi, milimita 39, ulifuatwa. Lakini umbali baina ya lenzi na filamu katika FED za mwanzo haukuwa sawa kamera na kamera. Kila lenzi ilirekebishwa kwa kamera yake, na ukiihamisha lenzi hiyo katika Leica, kipimo hakitakuwa sahihi. Msomi wa miswada atalitambua jambo hili. Mnakili aweza kuzifuata herufi zote, kumbe lahaja yake yeye imekwisha kuingia ndani ya matini.

Katika Japani mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Fundi mmoja wa Tokyo, Goro Yoshida, aliivunja Leica yake vipande vipande ili aone ndani mna nini, na ameeleza kwamba hakukuta almasi wala kitu chochote cha thamani. Alikuta shaba, alumini, chuma na mpira, na akaudhika kwamba vitu rahisi kama hivyo vikiungwa pamoja huuzwa kwa bei kubwa namna ile. Mwaka 1934 karakana yake ilitangaza kamera iitwayo Kwanon, kwa jina la mwenye huruma katika dini ya Kibudha. Kutoka katika karakana hiyo ndiko ilikotokea Canon. Lenzi zake za mwanzo zilitengenezwa na Nippon Kogaku, kampuni ambayo baada ya vita ilitoa kamera yake yenyewe, Nikon, mwaka 1948, yenye umbo la Contax na pazia la Leica. Mwaka 1950 Mmarekani David Douglas Duncan aliionja lenzi ya Nippon Kogaku mjini Tokyo, akaifunga katika Leica yake, akaenda nayo katika vita vya Korea; na wahariri wa New York, walipoziona picha zake, wakauliza ni lenzi gani ile. Toka siku hizo neno "nakala" halikuwafaa tena Wajapani.

Kushindwa kwa Ujerumani mwaka 1945 kuliondoa ulinzi wa kisheria wa hati zake za uvumbuzi, na Leica ikawa kama shairi lisilo na mwenyewe. Ilinakiliwa Leicester kwa jina la Reid, New York kwa jina la Kardon, Krasnogorsk karibu na Moscow kwa jina la Zorki kuanzia mwaka 1948, Shanghai mwaka 1958, na Tokyo kwa majina mengi. Contax yenyewe haikunakiliwa bali ilihamishwa: mitambo na vipande vilichukuliwa kutoka Ujerumani kuwa fidia ya vita, vikapelekwa kiwanda cha Arsenal mjini Kiev, na kuanzia mwaka 1947 kamera ile ile ikatoka humo ikiitwa Kiev. Kiev za miaka ya mwanzo zilitumia vipande vilivyotoka Ujerumani. Je, hiyo ni nakala, au ni asili iliyobadilishwa jina? Mimi naiita asili, na wakusanyaji wenzangu wengi hawaniungi mkono.

Kilele cha kamera hizi ni Leica M3 ya mwaka 1954. Kidirisha chake ni kimoja, kikubwa na chenye nuru, na ndani yake mna mistari myeupe inayoonyesha mipaka ya picha kwa lenzi tatu, nayo husogea yenyewe kadiri mtu anavyokaribia kitu, ili kusahihisha tofauti ya mahali niliyoitaja. Zaidi ya 220,000 zilitengenezwa. Miaka mitano baadaye, 1959, Nippon Kogaku walichukua mwili wa kamera yao bora yenye kipima-umbali, Nikon SP, wakauongezea kisanduku cha kioo katikati ili mtu atazame kupitia lenzi yenyewe, wakaiita Nikon F. Waandishi wa magazeti wakahamia huko kwa makundi. Hata hivyo Alberto Korda alimpiga Che Guevara picha ile maarufu, tarehe 5 Machi 1960 mjini Havana, kwa Leica M2. Leica za filamu za namna ya M zingali zikitengenezwa Wetzlar, kwa watu wachache wenye uwezo.

Na sasa tufike kwa wakusanyaji. Bei za mnada zina mambo ya ajabu. Mwezi wa Juni 2022, mjini Wetzlar, Leica nambari 105, mojawapo ya kamera chache za majaribio za mwaka 1923 na iliyotumiwa na Barnack mwenyewe, iliuzwa kwa euro milioni 14.4, na jina lake limechorwa juu ya kidirisha chake. Kamera hiyo haina kipima-umbali. Aliyeinunua alinunua jina, na hapana ubaya, kwa kuwa jina ni la kweli na daftari lathibitisha. Taabu huanza pale ambapo watu wasio na euro milioni 14 nao wanataka jina.

Hasa tangu miaka ya 1990, baada ya kuanguka kwa Muungano wa Kisovyeti, masoko ya Ulaya yalijaa Leica za ajabu: zilizopakwa rangi ya dhahabu, zilizofunikwa kwa mbao au ngozi ya nyoka, zilizochorwa tai wa Ujerumani na msalaba wa Wanazi, nyingine zikidai kuwa mali ya jeshi la anga, nyingine za michezo ya Olimpiki ya Berlin ya 1936. Karibu zote ni FED na Zorki. Mghushi alichukua kamera ya Kharkov au ya Krasnogorsk, akaisugua mpaka herufi za Kirusi zikatoweka, akachora jina la Leica na nambari ya kubuni. Kamera zilizopewa jeshi la anga kwa hakika zilikuwapo, lakini chapa yake ilikuwa maneno machache makavu. Karani wa jeshi hapambi. Mapambo yakizidi, ushahidi umepungua.

Dawa yake ni nyepesi, nayo haihitaji mtaalamu. Fungua lenzi uitoe, kisha tazama ndani, upande wa juu, pale ambapo kipima-umbali hugusana na lenzi. Katika Leica mkono wa kipima-umbali unaishia kwa kigurudumu kidogo kinachobingirika juu ya ukingo wa lenzi. Katika FED na Zorki unaishia kwa ulimi wa chuma usiozunguka. Mghushi aliweza kuyabadili yote yanayoonekana nje, lakini ulimi ule aliuacha, maana kuubadili ni kazi ya fundi na gharama yake ingekula faida. Nambari nayo yaweza kulinganishwa na madaftari ya Leitz, ambayo yamehifadhiwa Wetzlar na huonyesha kila kamera ilipelekwa wapi na lini. Hivi ndivyo tufanyavyo na muswada: anwani ya mbele yaweza kudai karne yoyote, lakini karatasi, wino na umbo la herufi hutoa ushahidi wao bila kuulizwa.

Watu huona ughushi huu kuwa kichekesho, na mimi pia nacheka nikiona "Leica" ya dhahabu yenye ulimi wa Kharkov. Lakini ukifikiri, mambo mawili yanachoma. Kwanza ni ule msalaba. Ernst Leitz wa pili aliwasaidia Wayahudi wa kiwandani mwake na wengineo kutoka Ujerumani, wengi wao wakipelekwa New York, na binti yake, Elsie Kühn-Leitz, alifungwa na Gestapo mwaka 1943 kwa kujaribu kumvusha mwanamke wa Kiyahudi kwenda Uswisi. Wakati huo huo kiwanda kile kile kilifanyiza silaha za macho kwa jeshi la Hitler, na mamia ya wanawake waliotekwa Ukraine walifanyishwa kazi humo kwa nguvu. Elsie alitaka hali yao itengenezwe, nalo likahesabiwa kuwa kosa lake lingine. Historia ya namna hiyo haiwezi kusemwa kwa chapa moja. Mghushi huichukua kamera iliyotengenezwa na watoto wa Ukraine, akaichora alama ya serikali iliyowafanya mama wa Ukraine watumwa, kwa sababu alama hiyo ina bei.

La pili ni hesabu tu. Kila Leica ya uongo ya namna hii ni FED ya kweli iliyokufa. FED za kabla ya vita, zenye chapa ya makao ya Kharkov, ni ushahidi wa mikono ya watoto ambao majina yao hayakuandikwa popote. Chapa hiyo ikisuguliwa hairudi. Katika kazi yetu tumezoea kulaumu mchwa na mvua. Hapa mharibifu ni heshima yenyewe tunayoipa asili. Laiti wakusanyaji wangaliithamini nakala ya Kharkov kama nakala, mghushi asingalikuwa na sababu ya kuigusa.

Kwamba swali la chombo laweza kuwa zito kupita mchezo wa wakusanyaji lilidhihirika mwaka 2025. Picha ya msichana na watoto wenziwe wakikimbia moto wa napalm huko Trang Bang, Vietnam, tarehe 8 Juni 1972, imetambuliwa kwa jina la Nick Ut wa shirika la Associated Press, na kwa miaka mingi ilisemwa kwamba aliipiga kwa Leica M2. Filamu moja ya habari ilidai kwamba mpigaji ni mtu mwingine. Shirika likachunguza, na miongoni mwa mashahidi walioitwa ni ukingo wa negativu, kwa kuwa kila kamera ina dirisha lake la ndani mbele ya filamu, na dirisha hilo huacha umbo lake pembeni mwa kila picha. Uchunguzi ulielekea kwenye kamera ya Pentax kuliko Leica. Ut ameshikilia kwamba picha ni yake. Associated Press hawakuona ushahidi wa kutosha wa kuliondoa jina lake. World Press Photo, kwa upande wao, wamesimamisha kuitaja picha kwa jina la mpigaji yeyote. Mimi sina hukumu ya kutoa. Nataja tu kwamba baada ya miaka 53, mashahidi wakizozana, watu walikwenda kuuliza kipande cha chuma.

Niseme machache juu ya kuzitumia, kwa maana kamera isiyopigwa hufa. Pwani yetu ni adui wa lenzi. Unyevu ukikaa, kuvu huota juu ya kioo mfano wa utando wa buibui, hula dawa iliyopakwa juu yake, na ukishafika hapo hakuna kusafisha kutakakourudisha uwazi wake kamili. Mkoba wa ngozi, ambao wauzaji husifu kuwa ni wa asili, ndio nyumba nzuri ya kuvu. Weka mkoba kabati moja na kamera kabati jingine, ndani ya kisanduku kikavu chenye chembe za kunyonya maji. Jua letu nalo lina hatari yake: kwa kuwa hakuna kioo mbele ya pazia, lenzi iliyoachwa wazi ikielekea jua hulichoma pazia la kitambaa kama watoto wachomavyo jani kwa kioo cha kukuza, na tundu dogo kama ncha ya sindano litaonekana katika kila picha. Katika Leica za hesi na nakala zake ulimi wa filamu hukatwa mrefu, kama sentimita 10, kabla ya kuingizwa. Asiyefanya hivyo atakwamisha mashine. Katika Zorki nyingi usibadili kasi kabla ya kuvuta filamu. Kwa mwanga, kanuni ya zamani yatosha: kwenye jua kali, weka tundu 16, na kasi iwe sawa na nambari ya filamu. Sihitaji betri kwa lolote katika haya, na hiyo ni sehemu ya raha yake.

Katika kabati langu imo "Leica" moja yenye tai na msalaba, niliyoinunua kwa bei ya chini nikiijua ilivyo, na muuzaji akijua kwamba najua. Ulimi wake wa ndani ni imara, kipima-umbali chake kiko sawa, na picha zake hazina kasoro. Chini ya msalaba, ukiinamisha kamera mbele ya taa, waonekana ukingo wa herufi moja ya Kirusi ambayo tupa haikuimaliza. Katika kadi yake nimeandika: FED, Kharkov, kabla ya 1941; maandishi ya juu yameongezwa baadaye na mkono usiojulikana.